Vidole Vinane vya Hina

Kosa langu kubwa katika miaka yote niliyokaa wodi ya mahututi lilikuwa la maneno mawili, na niliyasema nikicheka. "Hina hiyo." Basi. Sikumchoma mtu sindano isiyo yake, sikumwaga damu ya mtu, sikumsahau mtu chooni. Nilisema hina hiyo, na kwa maneno hayo mawili Bi Mize wa Bwejuu alikaribia kupoteza vidole vya mguu wake wa kushoto, na pengine mguu wenyewe.

Nakuandikieni nyinyi mnaoanza kazi sasa, mliopewa mashine nzuri kuliko zetu na mito michache vilevile. Mmoja wenu alinijia hapa Fumba, kwa mwanangu, ninakokaa tangu nistaafu. Akanambia, "Bi Rahma, sisi tunafundishwa moyo, mapafu na figo. Habari za ngozi tunaambiwa tu tuwageuze wagonjwa." Nikamwuliza mgonjwa wake wa jana alikuwa na alama ngapi mgongoni. Akasema hakumbuki. Nikamwambia anywe chai kwanza, kisha tuongee.

Mimi ni mtu wa Malindi, mjini Unguja. Kwetu mtoto hujua kupatana bei kabla hajajua kusoma, na kitu hakihesabiwi mara moja. Mara ya kwanza unahesabu unachotaka kukiona. Mara ya pili ndiyo unahesabu kilichopo. Tabia hii imenifanya nichukiwe na wauza samaki, wakwe zangu na kila niliyefanya naye zamu. Asubuhi ninayoielezea sikuhesabu hata mara moja.

Bi Mize aliletwa Jumatatu asubuhi, mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa mwani. Kichomi kilimwanza mapafuni kikaingia kwenye damu, na presha yake ilishuka mpaka mashine ikawa kama inaona haya kuitaja. Tukamtia mpira wa pumzi, tukamwunganisha na mashine ya kupumulia, tukamwekea pampu ya dawa ya kupandisha presha. Dawa hiyo muielewe, maana ndiyo iliyotuponza na ndiyo iliyomwokoa. Inabana mishipa midogo ya damu ili damu iende kwa wakubwa: moyo, ubongo, figo. Wanaonyimwa ni wale wanaokaa mbali, na mwilini hakuna anayekaa mbali na moyo kuliko kidole cha mguu.

Siku ile ile nilimkagua utosini mpaka nyayoni. Wiki moja nyuma alikuwa amemwoza binti yake, Raya, na hina ya harusi bado ilikuwa imekolea, imetiwa na piko juu yake, nyeusi tii. Kando yangu alikuwa Haji, muuguzi mwenzangu, mtu wa Tumbatu. Mimi nilikuwa nasoma, yeye anaandika.

"Hina, vidole vya miguu vinane," nikasema. "Kulia vitano, kushoto vitatu. Kidole cha mwisho na jirani yake, kushoto, havina."

"Bi Rahma, unamfanyia ukaguzi au unamtafutia mchumba?"

"Andika. Mchumba naye atataka kujua kama vidole vimetimia."

Akaandika.

Jumatano asubuhi daktari wetu akapita. Dokta Nestory alikuwa mtu wa Bara, hajatimiza mwaka Unguja, mpole, kila kitu anauliza. Alifunua shuka miguuni pa Bi Mize akasita.

"Sista, vidole hivi mbona vyeusi?"

Nikacheka. "Hina hiyo, Dokta. Ametoka harusini. Utaizowea."

Haji naye akacheka. Dokta akatabasamu kwa haya, akalirudisha shuka, akaenda kitanda cha pili. Aliniamini kwa sababu mimi ni mwenyeji. Kumbukeni hilo: mgeni anauliza, mwenyeji anajua, na anayejua haangalii.

Kama saa tano hivi nikaanza ukaguzi wa ngozi wa siku ile, kama kawaida yangu kuanzia juu kushuka chini. Nitakupitisheni njia nzima, kwa sababu kila pahala kwenye mwili wa mgonjwa pana kosa langu moja limekaa linaningoja.

Anzeni usoni. Mpira wa pumzi unashikiliwa kwa plasta mashavuni, na kona ya mdomo ni ya kwanza kuchubuka. Kila zamu uhamisheni mpira, leo kona hii, kesho ile. Na plasta haivutwi, inabembelezwa. Nilijifunza kwa mzee mmoja ambaye ngozi yake ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Nilikuwa na haraka, nikaivuta plasta ya mkononi mwake, ikaja na ngozi, kipande cha ukubwa wa stempu. Mzee alikuwa na mpira mdomoni, hawezi kusema. Akanitazama tu. Nimeshatazamwa na wauza samaki niliowatajia bei ya kuchekesha, lakini jicho lile sijalisahau. Tangu hapo natia mafuta ya nazi kwenye ukingo, nangoja, nashikilia ngozi kwa vidole viwili, naikunja plasta taratibu juu ya mgongo wake yenyewe. Inachukua dakika mbili. Kidonda kile kilichukua wiki tatu.

Sikioni pa Bi Mize palikuwa na kile kibanio cha kupimia oksijeni. Huwekwa kidoleni, lakini vidole vyake vya mikono vilikuwa na piko, na kibanio kikikutana na piko husema uongo. Tukakihamishia sikioni. Sikio nalo ni nyama, likibanwa mno linaota kidonda. Nikakihamisha sikio la pili.

Nikafika mkononi. Bi Mize alikuwa amevimba kwa maji ya dripu, na juu ya kiwiko kulikuwa na hirizi ya kamba nyeusi. Jumatatu kamba ilikuwa inacheza. Sasa ilikuwa imezama, inakaribia kutoonekana. Raya, binti yake, alikuwa ameruhusiwa kuingia, amesimama na hina yake ya bi harusi mpaka kwenye viwiko, macho yamevimba kuliko mkono wa mama yake. Alipoona nimeishika kamba akashtuka.

"Usikate, Bi. Kaivaa tangu mie sijazaliwa."

"Sikati. Nataka kuihamisha tu. Kamba inamla mama."

"Ikitoka mwilini si itaacha kumkinga?"

"Inamkinga kutoka hatua ngapi?"

Akafikiri kweli kweli. "Sijui."

"Basi tuifunge hapa kichwani pa kitanda. Ni shubiri mbili. Iliyomfuata kutoka Bwejuu mpaka hapa haitashindwa na shubiri mbili."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatatu, akaifungua kwa mkono wake mwenyewe. Chini yake palikuwa na mfereji, ngozi imeanza kulowa na kuwa nyeupe. Siku mbili zaidi tungekuwa na kidonda cha kuzunguka mkono mzima. Wapo wauguzi waliokuwa wakichukua mkasi bila kuuliza. Walishinda ubishi, na jamaa wa mgonjwa wakaanza kuwaficha mambo mengine. Mimi napatana. Na vyenye kubana ni vingi: pete, bangili, ukanda wa kupimia presha, kitambaa cha dripu. Mgonjwa wa mahututi leo si saizi aliyokuwa jana.

Kisha tukamgeuza, tukaona mgongo.

Aliyenifundisha migongo ni Bi Salama, muuguzi mkubwa wa enzi zetu, mpole wa sauti na mkali wa macho. Akiingia wodini hakuulizi mgonjwa vipi. Anauliza, "Kaegemea wapi?"

"Kulia."

"Tangu?"

Siku moja nilimjibu, "Tangu asubuhi, Bi." Hakunigombeza. Alinionyesha benchi la mbao la kungojea wageni, akaniambia nikalale pale kwa ubavu wa kulia, nisijitikise mpaka aniite. Nililala. Dakika ya ishirini nyonga ikawa inawaka moto, nikajigeuza kwa siri.

"Nani amekugeuza?" akauliza kutoka mlangoni.

"Nimejigeuza mwenyewe, Bi."

"Una bahati. Yule kitandani hawezi."

Hilo ndilo somo lote la kugeuza wagonjwa kila saa mbili. Mengine ni chati.

Vitabu tulivyosomea vilitwambia tutafute wekundu. Wekundu wa nani? Ngozi zetu nyingi hazisemi kwa wekundu. Husema kwa kung'aa pasipo sababu, kwa kukaza, kwa kulegea kama embe lililopondeka ndani, kwa kuwa na joto au baridi kuliko jirani yake. Kwa hiyo tumieni mgongo wa mkono, siyo macho peke yake, na kila mara mlinganishe na pahala pazima. Bonyezeni, hesabuni mpaka tatu, achieni. Pasipobadilika rangi, hicho ni kidonda kinachobisha hodi kwa ndani.

Tulifanya na ya ovyo pia. Tulisugua migongo kwa spiriti na poda mpaka wodi inanukia kama kwa kinyozi, kisha tukaja kuambiwa kwamba kule kusugua kulikuwa kunaivunja ngozi iliyokwisha kuumia. Tukajaza glavu maji tukaziweka chini ya visigino, nako tukaambiwa tuache. Msituhukumu sana. Nanyi lipo mnalolifanya leo kwa moyo safi ambalo wajukuu zenu watalicheka.

Kingine cha mgongoni ni vitu vilivyopotea. Niliwahi kutafuta kalamu yangu zamu nzima, nikamshuku Haji, nikamwita mwizi mbele za watu. Tulipomgeuza mgonjwa tukaikuta chini ya paja, na paja limechorwa kalamu kamili, hata kile kibanio cha mfukoni. Alama ilikaa siku nne. Haji alikaa siku tano hasemi nami. Tangu hapo kila kinachoingia kitandani nakihesabu kikiingia na kikitoka: vifuniko vya sindano, vizibo, kalamu zangu na za wenzangu.

Mgongo wa Bi Mize ulikuwa mzima. Chini ya matiti na kwenye mikunjo kulikuwa na upele wa joto, maana kipoza hewa kilikuwa kimegoma tangu juzi. Hapo ni kukausha kwa kugonga-gonga na kitambaa, si kusugua, na kuacha poda dukani. Nikashuka visiginoni. Visigino vilikuwa vinaelea juu ya mto, havigusi godoro, kama inavyotakiwa, na mto ule niliupata kwa jasho. Mtunza stoo wetu alikuwa akiitunza mito kama mahari. Nilikuwa nataka minne, nikaomba saba, akanipa mitatu, nikamsifu stoo yake ilivyopangika mpaka akaongeza mmoja.

Nikafika vidoleni. Mimi nasoma, Haji anaandika.

"Visigino viwili, vizima. Hina, vidole kumi."

Kalamu ya Haji ikasimama. "Vinane."

"Kumi. Nnaviona hivi."

"Bi Rahma, Jumatatu umenambia vinane. Umenichosha na kulia vitano kushoto vitatu. Mimi nnakumbuka, maana ndiyo siku nlokutania habari ya mchumba."

Akafunua karatasi ya Jumatatu. Vinane. Akafunua ya Jumanne, ya zamu nyingine: "Hina miguuni." Siwalaumu, hina ni hina. Nikahesabu upya nikianzia upande wa pili, kidole kikubwa cha kulia nikaja nacho mpaka kidogo cha kushoto. Kumi.

"Haji," nikasema, "hina inazaa?"

"Haijapata."

Nikaweka mgongo wa mkono. Mguu wa kulia ulikuwa vuguvugu. Wa kushoto ulikuwa baridi kuanzia katikati ya wayo, na vile vidole viwili vya mwisho vilikuwa baridi kama vimetoka kwenye friji. Sasa nikaangalia, kwa mara ya kwanza siku ile. Kucha iliyotiwa hina huwa na wekundu ndani ya weusi wake. Kucha hizi mbili zilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Na mtia hina hukomea kwenye mstari, mkono wake haupitilizi. Weusi wa vidole hivi haukuwa na mstari. Ulikuwa unatambaa kuelekea kwenye wayo.

Raya alikuwa bado yupo kichwani pa kitanda, anainyoosha ile kamba ya hirizi.

"Raya, nani aliyemtia mama hina?"

"Somo yangu, alonifunda. Siku moja tulitiwa, mie nlikuwa pale pale nangoja yangu ikauke."

"Na vidole hivi viwili?"

Akaja akaangalia. "Hivyo hakutiwa. Tumbawe lilimkata wiki ile, kafunga kitambaa. Somo akasema atamtia kidonda kikishapona." Akainama zaidi, kisha akaninyanyulia uso. "Bi, kwani vimetiwa lini?"

Nikamwambia akae. Akasema taratibu, kama anayejisemea, "Mama kazi yake ni miguu. Maji ya bahari yakitoka, saa nne nzima yuko kwenye tope na mawe. Bila miguu hana kazi."

Dokta Nestory alikuwa chumba cha pili anakunywa chai. Mtu wa Malindi akikosea bei husema alikuwa anatania. Nilitafuta njia ya kusema nilikuwa natania, sikuipata.

"Dokta, asubuhi nilikwambia hina."

"Ndiyo, Sista."

"Vinane ni hina. Viwili si hina. Nimekosea, na tumepoteza saa tatu."

Akakiweka kikombe. Ningependa angenifokea, ningejua pa kuiweka aibu yangu. Hakufoka. Alikuja mbio mpaka kitandani, akachukua kile kimashine kidogo cha kusikilizia mshipa, akakiweka juu ya mguu wa kulia. Shwaa, shwaa, shwaa. Akakiweka kushoto. Tulisubiri. Ilikuja sauti kama ya mtu anayenong'ona nyuma ya mlango.

"Damu inapita," akasema. "Dawa inaubana mshipa mno."

"Tuipunguze."

"Ikipungua, presha inaanguka, na yeye mwenyewe anaweza kutuondokea."

"Isipopungua, vidole vinakwenda, na havitakwenda peke yao. Punguza nusu."

"Nusu nyingi, Sista."

"Robo."

"Robo nayo nyingi. Nukta moja moja. Namwongezea dawa ya pili ya kuusaidia moyo, kisha tunashusha nukta, tunangoja, tunashusha."

"Nami nasimama hapa hapa."

"Wewe unasimama hapa hapa."

Tukapatana hivyo. Na hivyo hivyo ndivyo tulivyopatana na ile presha, kama na muuzaji mgumu: unashusha kidogo, unautazama uso wake. Nukta moja. Presha ikashuka, ikasita, ikarudi. Nukta ya pili. Ikashuka zaidi, mashine ikaanza kupiga kelele, Dokta akanyoosha mkono kwenye pampu, nikamwambia, "Ngoja kidogo, Dokta, inafikiri." Ikarudi. Nukta ya tatu ilikataa kabisa, tukaipandisha, tukampumzisha nusu saa, tukaijaribu tena, ikakubali.

Raya akaniuliza kama anaweza kumsugua mama yake kwa mafuta ya karafuu yaliyopashwa moto. Alikuwa na kichupa tayari kwenye mkoba.

"Hasha, mwanangu. Kidole kisicho na damu hakijui kuwa kinaungua. Ukikipasha moto, unakichoma. Ukikisugua, unakichuna."

"Basi nifanye nini, nikae tu?"

"Mshike mkono huu, umsomee. Huko juu ndiko moyo uliko, na leo kila kitu kinatoka huko."

Haji akavifunga vidole kwa pamba, kwa ulegevu, kimoja kimoja. Mimi nikachukua boksi tupu la glavu, nikalikata, nikaliweka miguuni ili shuka lisiviguse. Sikuondoka pale hata kwa chakula. Nilikuwa nafungua pamba, nabonyeza nyama ya kidole cha nne, naachia, nahesabu mpaka rangi irudi. Mara za mwanzo haikurudi. Nilihesabu mpaka ishirini nikaacha, nikafunga pamba. Baadaye ilirudi kwa kumi na mbili. Kisha tisa. Sikujiamini, nikamwita Haji ahesabu yeye bila kumwambia yangu. Akasema, "Tisa." Adhana ya alasiri ilipotoka tulikuwa kwenye sita, na pampu iko nusu ya ilivyokuwa asubuhi.

"Dokta," nikasema, "nusu hii hapa. Nilikwambia."

"Ulitaka nusu kwa mkupuo, Sista."

"Mwanzo wa kupatana hutajwa kubwa."

Alicheka, na nikajua amenisamehe. Ama mimi nilichukua muda zaidi kujisamehe.

Asubuhi ya pili wayo wake ulikuwa na joto. Siku ya pili yake pampu ikazimwa. Kidole cha nne kikarudi kizima. Kile cha mwisho kilibaki cheusi kwenye ncha, kikakauka, na wiki ya pili ngozi ikabambuka kama ganda la kitunguu, kucha ikaondoka nayo. Chini yake kulikuwa na ngozi mpya, changa, na mpaka leo naweza kukuelezeni rangi yake. Hasara yote ilikuwa kucha moja.

Kisha tukabadilisha utaratibu. Hina na piko havifutiki, kwa hiyo kila mgonjwa anayeingia tulianza kumchorea nyayo mbili na viganja viwili kwenye karatasi yake, pale penye hina tunapaka rangi, pasipo tunaacha. Haji ndiye aliyechora mfano wa kwanza, na nyayo zake zilifanana na mkate wa kumimina, lakini vidole vilikuwa kumi. Na kucha isiyo na hina, hata ikiwa moja, ndiyo tunayoibonyeza kila zamu. Kama zote zimetiwa, tunakwenda kwenye nyama ya chini ya kidole, na joto, na sauti ya mshipa. Wala jamaa wa mgonjwa si watu wa kufukuzwa mlangoni. Raya alikuwa na habari ambayo mashine zetu zote hazikuwa nayo, na kwa siku mbili hakuna aliyemwuliza.

Mimi nami nilibadilika kidogo. Dokta akiniuliza jambo ambalo nalijua, nilianza kulifunua shuka kwanza, ndipo nijibu.

Siku tuliyomsimamisha Bi Mize mpira ulikuwa umeshatolewa, sauti yake imekwaruza kama mlango wa zamani. Kabla ya hapo alikuwa hajakanyaga chini, na hakuna aliyejua kama kile kidole kinahisi kitu. Kidole kinaweza kurudi rangi kisirudi akili. Raya alimshika kulia, Haji kushoto, mimi nimechutama mbele yao kama nangoja mtoto atambae. Wayo wa kulia ukatua. Wa kushoto ukatua. Akainamisha kichwa, akiangalia miguu yake kana kwamba ni ya jirani.

"Unahisi nini, Bi Mize?"

Akakunja uso. "Sakafu yenu hii," akasema, "baridi, hata sijui niseme nini. Hamna japo mkeka?"

"Baridi iko wapi, Bi?"

"Iko wapi, anauliza. Huku." Akakinyanyua kidole cha mwisho, kile kisicho na kucha, akakitikisa mbele ya pua yangu. "Huku ndiko inakoniuma zaidi."

Haji akaomba kwenda kuleta kiti na hakurudi mara moja. Mimi nikanyoosha mkono kwenye toroli, nikachukua shuka safi lililokuwa limepangiwa kitanda cha nne, nikalikunja mara mbili, nikalitandika chini ya nyayo zake.